Askari Wasioruhusiwa Kumkamata Mzungu

Katika mtaa wa Overtown, jijini Miami, kuna jengo la polisi ambalo hakuna jingine la aina yake linalojulikana Marekani nzima. Lilifunguliwa Mei 1950. Chini ya paa moja kulikuwa na kaunta ya mapokezi, selo za mahabusu, chumba cha mahakama na ofisi ya hakimu. Polisi walioripoti kazini humo walikuwa weusi wote. Hakimu alikuwa mweusi. Waliopandishwa kizimbani walikuwa weusi. Lilifungwa mwaka 1963, Miami ilipoanza kuachana na utaratibu wa kuwatenga polisi wake kwa rangi, na miaka mingi baadaye, lilipokuwa linanukia kubomolewa, polisi wastaafu weusi walisimama kulitetea. Tangu 2009 ni makumbusho, na miongoni mwa waliowapokea wageni mlangoni wamekuwamo wastaafu waliowahi kuvaa beji humohumo.

Kuhusu makumbusho ya polisi nimesoma mengi kuliko inavyompasa mtu mwenye tasnifu ya kumaliza. Yapo mengi duniani. Glasgow wana lao, na hawachoki kukumbusha kwamba jeshi lao la polisi lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1800, miaka 29 kabla ya lile la London. Manchester wana lao katika kituo kilichojengwa 1879, chenye selo zenye mito ya mbao. Hong Kong wana lao juu mlimani, ndani ya kituo cha zamani cha wakoloni. Karibu yote hufuata mtindo mmoja: sare zimevishwa sanamu, pingu na filimbi ziko kwenye kabati la kioo, na mwishoni kuna selo tupu ambamo mgeni anaweza kuingia akapigwa picha akicheka. Ukitoka umejifunza rungu lilivyobadilika kutoka mti hadi plastiki. Humo ndani, mgeni huwekwa upande wa askari tangu mlangoni, wala hakuna anayemuuliza kama amekubali.

Makumbusho ya Overtown nayo yana sare, beji na picha za zamani. Lakini hayawezi kuvaa utulivu ule, kwa sababu ukuta wenyewe unashtaki. Swali la kwanza la mgeni yeyote mwenye macho ni kwa nini jengo hili lilihitajika. Ukianza kulijibu, unajikuta unazungumzia nani analindwa na polisi, na dhidi ya nani.

Miami ilipata hadhi ya jiji Julai 1896, reli ya Henry Flagler ilipofika. Waliofyeka msitu na kuchimba misingi walikuwa weusi kwa sehemu kubwa, na siku ya kupiga kura ya kuanzisha jiji, zaidi ya theluthi moja ya wanaume waliopiga kura walikuwa weusi. Walihitajika ili idadi itimie. Idadi ilipotimia, wakasukumwa ng'ambo ya reli, kaskazini-magharibi, kwenye eneo lililoitwa Colored Town, yaani mji wa watu wa rangi. Hapo ndipo pakaja kuitwa Overtown. Wakaungana nao wahamiaji kutoka visiwa vya Bahamas, na kwa miongo michache eneo hilo dogo likawa na kila kitu: makanisa, madaktari, magazeti, maduka ya kuandalia maziko, na jumba la maonyesho la Lyric lililofunguliwa 1913 kwa fedha za mfanyabiashara mweusi. Wanamuziki waliotumbuiza kwenye hoteli za ufukweni Miami Beach, watu wa kiwango cha Ella Fitzgerald na Count Basie, hawakuruhusiwa kulala huko. Wakimaliza kupiga, walivuka daraja kurudi Overtown, wakapiga tena mpaka alfajiri. Wafanyakazi weusi wa hoteli hizo walitakiwa kujiandikisha polisi na kutembea na kadi. Wazee wa Kenya wangekitambua kitu hicho bila kuelezwa. Wao walikiita kipande.

Sasa, polisi. Kabla ya 1944 polisi wa Miami walikuwa wazungu watupu, na kwa wakazi wa Overtown walikuja kwa namna mbili: ama hawakuja kabisa, ama walikuja kupiga. Mtu mweusi akimwua mweusi mwenzake, uchunguzi ulikuwa wa haraka na wa kivivu. Mtu mweusi akituhumiwa kumkosea mzungu, mtaa mzima ulitetemeka. Mwaka 1928 mkuu wa polisi wa jiji, H. Leslie Quigg, alishtakiwa pamoja na baadhi ya askari wake kwa kifo cha Harry Kier, kijana mweusi aliyekuwa mhudumu wa hoteli. Mahakama iliwaachia. Quigg aliondolewa ofisini, na mwaka 1937 akarudishwa kwenye kiti kilekile. Fikiria unaishi Overtown, unamjua huyo mtu kwa jina na kwa sura, na mwizi anavunja dirisha lako usiku. Utamwita nani?

Ndiyo maana hoja ya kutaka polisi weusi ilipoanza kusikika, ilitoka kwa wachungaji, wafanyabiashara na mawakili wa Overtown wenyewe. Jambo hili huwashangaza baadhi ya wenzangu wa kizazi hiki, waliozoea kusikia vijana wa Marekani wakidai polisi wapunguzwe au waondolewe kabisa. Wazee wa Overtown walikuwa wanadai polisi waongezwe. Walikuwa na mauaji mitaani, kamari, na vilabu vya pombe vilivyokesha, na walichoka kuambiwa kwamba hiyo ndiyo tabia ya watu wao. Walitaka vitu viwili kwa pumzi moja: kulindwa na wahalifu waliokuwa miongoni mwao, na kulindwa na polisi waliotoka nje. Nadhani mkanganyiko wote wa jengo lile umo ndani ya dai hilo. Vitu viwili hivyo vinaonekana kama kimoja ukivitazama kwa mbali. Ukivisogelea vinaachana.

Ombi peke yake halikutosha. Kilichosaidia ni kura. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa Mei 1939, wanachama wa Ku Klux Klan waliingia mtaani na msafara wa magari, wakawasha misalaba na kuning'iniza sanamu za vitambaa zenye maandishi ya kumtisha mweusi yeyote ambaye angethubutu kupiga kura. Asubuhi yake watu weusi wapatao elfu moja walijipanga foleni wakapiga kura, wakihamasishwa na Sam Solomon, mwenye biashara ya maziko. Kisha Aprili 1944, Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyotoka Texas, ikapiga marufuku kura za mchujo za wazungu peke yao. Wanasiasa wa miji ya Kusini walijua kuhesabu. Mwaka huohuo, Septemba 1, Miami ikawaapisha askari weusi watano: Ralph White, Moody Hall, Clyde Lee, Edward Kimball na John Milledge.

Waliapishwa kwa siri. Dan Rosenfelder, aliyekuwa mkurugenzi wa usalama wa jiji, aliliendesha jambo hilo kimyakimya, akiogopa wazungu wa jiji na askari wake mwenyewe. Siri katika kiapo cha polisi ni kitu cha ajabu. Askari huapishwa hadharani ili wananchi wamjue na yeye ajue wamemjua. Hawa watano walipewa mamlaka ya umma ambayo umma mwingine haukutakiwa kuyasikia.

Wala hawakuitwa polisi. Jina lao rasmi lilimaanisha watu wa doria tu, ili neno lenyewe la polisi libaki kwa wazungu. Kiswahili kingewaficha hapa: sisi tungewaita wote askari, kama tunavyomwita mwanajeshi, polisi na mlinzi wa getini, na tofauti ingeyeyuka. Kwa Kiingereza cha Miami ya 1944 tofauti hiyo ilikuwa mshahara, cheo na pensheni. Hawakuwa na kituo. Kwa muda walijibanza kwenye ofisi ya daktari wa meno mweusi aliyewaazima nafasi. Hawakuwa na gari wala redio. Walitembea kwa miguu, baadaye kwa baiskeli, na waliyemkamata walikwenda naye hivyohivyo, wakipita mbele ya shangazi zake, mchungaji wake na wadeni wake. Kisha kulikuwa na sharti lililozidi yote: hawakuruhusiwa kumkamata mzungu.

Sharti hilo halikuwa la Miami peke yake. Atlanta ilipoajiri askari weusi wanane mwaka 1948, nao walikatazwa kuwakamata wazungu, wakawekwa kwenye chumba cha chini cha jengo la YMCA la weusi, na hawakuruhusiwa hata kuvaa sare wakiwa njiani kwenda au kutoka kazini. Kwa hiyo mzungu aliyeingia Overtown kuuza dawa, kununua mwili, au kumpiga mtu, alikuwa anapita katikati ya askari wenye bunduki kiunoni ambao sheria iliwafunga mikono. Waliweza kumzuia kwa maneno, waliweza kuita mwenzao mzungu aje, kama angekuja. Watu hueleza sharti hili kama udhalilishaji wa askari, na ni kweli lilikuwa hivyo. Mimi naliona kwanza kama maelezo ya kazi. Linakuambia wazi waajiri walivyoelewa neno ulinzi: hawa watano wawadhibiti weusi wenzao. Wakazi waliomba ngao yenye pande mbili. Walipewa yenye upande mmoja.

Hata hivyo upande huo mmoja haukuwa kitu kidogo, na hapa napenda kwenda taratibu, kwa sababu ni rahisi mtu wa leo kuudharau. Askari wa doria wa Overtown aliishi mtaani. Alijua nyumba ipi ina mgonjwa na kijana yupi ni mkorofi wa maneno tu. Aliposema "rudi nyumbani," alikuwa anajua nyumbani ni wapi. Kumbukumbu za wakazi na za askari wenyewe zinarudia jambo hili: kwamba kijana alipokosea, mara nyingi alipelekwa kwa mama yake kabla ya kupelekwa selo, na hakuna kijana aliyejua adhabu ipi ilikuwa kali zaidi. Kupigiwa simu na mtu unayemwamini ni huduma. Kutopigwa ni huduma pia.

Lakini askari wa mtaani hufa mtaani. Novemba 1, 1946, miaka miwili tu baada ya kiapo, John Milledge alikuwa kwenye zamu katika uwanja wa Dorsey Park, palipokuwa na mechi ya mpira wa miguu wa Kimarekani. Kazi yake jioni ile ilikuwa kuwazuia vijana wanaoruka uzio kuingia bila tiketi. Alipigwa risasi akafa, na kuwa askari mweusi wa kwanza wa Miami kuuawa kazini. Hakukuwa na Klan usiku ule, wala mkuu wa polisi mbaguzi, wala mzungu yeyote katika tukio. Kulikuwa na uzio, mechi, vijana, na mtu mzima mwenye beji aliyesema hapana. Kesi ilikaa zaidi ya miaka arobaini ndipo mtu mmoja akakamatwa New York, mtu mzima wa makamo ambaye mwaka 1946 alikuwa kijana tu, naye hatimaye akakiri kosa la kuua bila kukusudia.

Ukiuchukua mkasa huo peke yake unaweza kuusimulia kwa njia mbili. Ya kwanza: hiki ndicho walichokuwa wanakitaka wazee, askari anayejali mechi ya watoto wa weusi kiasi cha kufia mlangoni. Ya pili: beji, hata ikivaliwa na jirani, huchora mstari, na upande wa pili wa mstari kuna kijana ambaye hakuomba beji hiyo ije. Njia zote mbili ni za kweli. Makumbusho ya polisi, kwa maumbile yake, huijua vizuri ile ya kwanza.

Mwaka 1950 jiji lilijenga kituo. Michoro ilitoka kwa Walter DeGarmo, msanifu majengo aliyekuwa na jina kubwa Miami. Sababu zilikuwa mchanganyiko, kama zilivyo sababu za serikali siku zote. Idadi ya askari weusi ilikuwa imekua, na jiji halikutaka wabadilishe nguo chumba kimoja na wazungu, wala washtakiwa weusi wajazane kwenye mahakama ya mjini. Ubaguzi ulikuwa na gharama, na mara hii gharama ililipwa kwa matofali na saruji. Kwa wakazi, matofali hayohayo yalikuwa ushindi. Mtu aliyekamatwa hakutoka tena nje ya mtaa wake. Ndugu zake walijua alipo, na waliweza kwenda kwa miguu kumwona.

Aliyekaa kwenye kiti cha hakimu alikuwa Lawson E. Thomas, na kama ningepewa nafasi ya kuzungumza na mtu mmoja tu wa hadithi hii, ningemchagua yeye. Alizaliwa Ocala, Florida, mwaka 1898, na kusomea sheria Chuo Kikuu cha Michigan. Mei 1945 alikuwa miongoni mwa viongozi walioandaa kitendo ambacho kwa macho ya leo ni cha kawaida mno: watu weusi wachache waliingia baharini kuogelea kwenye ufukwe wa Haulover, uliokuwa wa wazungu peke yao. Thomas alisubiri ufukweni akiwa na fedha za dhamana mfukoni. Alitaka wakamatwe, ili kesi ipatikane. Viongozi walikwepa mtego, hawakumkamata mtu, na miezi mitatu baadaye, Agosti 1, 1945, wakafungua ufukwe wa weusi katika kisiwa cha Virginia Key. Mtu aliyetamani watu wake wakamatwe kwa ajili ya haki ndiye ambaye miaka mitano baadaye aliteuliwa kuwahukumu watu wake waliokamatwa. Alikuwa hakimu mweusi wa kwanza kuteuliwa Kusini tangu enzi ya baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ile miaka ya hadi 1877 ambapo weusi walishika madaraka kwa muda mfupi kabla ya kunyang'anywa.

Angeweza kukataa, na angekuwa na hoja nzuri: kwa nini akubali kuongoza mahakama ya wabaguliwa? Na waliokubali huwa tunawaita majina. Lakini upande wa pili wa mizani kulikuwa na mshtakiwa. Mtu wa Overtown aliyeshikwa kwa ulevi au ugomvi, ambaye mwezi uliotangulia angesimama mbele ya hakimu mzungu na kuitwa kwa jina la kwanza kama mtoto, sasa alisimama mbele ya mwanasheria mweusi aliyejua mitaa, ukoo na uongo wake. Uongo hasa. Haki ya namna hiyo huenda ikawa kali kuliko ya mgeni, kwa sababu visingizio vyote vinajulikana. Ila ni ukali wa mtu anayekuhesabu kuwa mtu.

Askari nao walijipanga. Chama cha polisi cha wazungu hakikuwataka, wakaanzisha chao mwaka 1946. Walidai haki za utumishi, mafunzo, vyeo. Mwaka 1960 Clarence Dickson akawa mweusi wa kwanza kupita chuo cha kawaida cha polisi cha Miami pamoja na wazungu, na mwaka 1985 akawa mkuu wa kwanza mweusi wa polisi wa jiji hilo. Ukitazama upande wa askari, mstari unapanda vizuri kutoka ofisi ya daktari wa meno hadi ofisi ya mkuu wa polisi. Ni ushindi wa haki, na sina neno la kuupunguza.

Upande wa mtaa, mstari unakwenda kwingine. Kituo kilipofungwa 1963, askari weusi walihamia makao makuu, wakapata magari, na hatimaye mamlaka kamili juu ya raia wa rangi yoyote. Overtown ilibaki bila kituo chake na bila mahakama yake. Nimejaribu kumtafuta mtu aliyeuliza wakati ule kama kulikuwa na njia ya kuondoa sharti la rangi bila kuondoa kituo. Huenda alikuwepo. Katika nilivyovisoma, swali hilo halisikiki, na ninaelewa sababu: mwaka 1963 nani angethubutu kutetea jengo lililojengwa na ubaguzi?

Halafu ikaja barabara. Katika miaka ya 1960 barabara kuu ya I-95, na kipande cha kwenda ufukweni, zilipitishwa katikati ya Overtown. Wapangaji mipango wangeweza kufuata njia ya reli. Walipita juu ya nyumba. Mtaa uliokuwa na watu wapatao 40,000 ukabaki na takriban 10,000. Waliohamishwa wengi walikwenda Liberty City, kilomita kadhaa kaskazini, mahali ambapo hakuna aliyejua nyumba ya nani ina mgonjwa. Mara nyingi historia ya polisi huandikwa kana kwamba nyumba zinakaa pale pale na ni askari tu wanaobadilika. Hapa askari na nyumba viliondoka katika muongo mmoja.

Desemba 17, 1979, Arthur McDuffie, wakala wa bima mwenye umri wa miaka 33 na mwanajeshi wa zamani, alikimbizwa na polisi wa kaunti ya Dade akiwa kwenye pikipiki. Walipomkamata walimpiga hadi fuvu likapasuka, na ripoti ikaandikwa kwamba alipata ajali. Alikufa siku nne baadaye. Daktari aliyechunguza maiti alisema majeraha hayakufanana na ya ajali. Kesi ikahamishiwa Tampa, mbele ya baraza la wazee wa mahakama la wanaume sita wazungu, na Mei 17, 1980 askari wakaachiwa huru. Ghasia zilizofuata, Liberty City, Overtown na kwingine, ziliua watu 18 kwa siku tatu. Mwaka 1982 Overtown iliwaka tena baada ya askari kumpiga risasi kijana kwenye ukumbi wa michezo ya video. Ikawaka tena Januari 1989, baada ya askari kumpiga risasi mwendesha pikipiki, naye na abiria wake wakafa. Wakati huo mkuu wa polisi mweusi alikuwa ameshapatikana miaka minne kabla.

Mpangilio huu wa matukio unaweza kutumiwa vibaya, na umetumiwa, na watu wanaopenda kusema kwamba weusi waliishi vizuri zaidi walipotengwa. Jibu lao liko kwenye sharti la 1944. Askari asiyeweza kumkamata mzungu hawezi kumkamata askari mzungu. McDuffie asingeokolewa na Ralph White wala Moody Hall wala yeyote kati ya wale watano, kwa sababu mamlaka yao ilikoma palepale uhalifu wa aina hiyo unapoanzia. Kile ambacho kituo kilitoa, yaani askari anayejulikana na kujua, kilikuwa cha kweli. Kile ambacho hakikutoa ndicho kilichowaua watu 1979, na kuunganishwa kwa polisi hakukukitoa pia.

Kwa hiyo nikirudi kwenye makumbusho, sina ugomvi na wastaafu waliolipigania jengo. Wangeliacha libomolewe, jiji lingepata mahali pa kuegesha magari na kumbukumbu nyepesi. Ninachokitamani ni kitu kimoja ambacho kila makumbusho ya polisi niliyoyasoma yana uchache nacho. Selo ndicho chumba kilichopitiwa na watu wengi kuliko vyote katika kituo chochote, na ndicho chenye majina machache ukutani. Tunajua majina ya wale watano. Tunalijua la hakimu na la msanifu. Kwa miaka kumi na tatu, kila asubuhi ya mahakama, kuna mtu alitolewa selo akavuka hatua chache kwenda kusimama mbele ya Lawson Thomas au aliyemfuata, na karani akaandika tarehe, jina, kosa na faini. Ningependa kuisoma safu hiyo ya tatu, ile ya kosa, kwa mwaka mzima, nione ni mara ngapi imeandikwa ulevi, mara ngapi wizi, na mara ngapi kosa ambalo lisingekuwa kosa ng'ambo ya reli.